Lenzi ya Canon 24mm f/2.8 kwa anayepiga makanisa akiwa kwenye mizunguko yake Mwanza

Watu wananiulizaga sana hizi picha za makanisa napigia nini, wengine wanadhani natembea na begi zima la lenzi. Hapana. Ni kamera ya Canon 200D na lenzi moja tu, EF-S 24mm f/2.8 STM, ile bapa kama chapati. Hiyo 24 inasema upana, namba ikipungua lenzi inaona pana zaidi, na f/2.8 ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi na vya nyuma vinafifia. Leo naiongelea kwa urefu maana naona wengi wanahangaika kutafuta milenzi mirefu ya hela nyingi wakati wanachotaka ni kupiga kanisa wakiwa wanaenda zao kazini.

Kazi yangu ni kusambaza vifaa vya umeme madukani. Leo Nyakato, kesho Igoma, keshokutwa Buhongwa, na hapo katikati Pamba Road na Makongoro napita sijui mara ngapi. Sina siku ya kusema leo natoka kwenda kupiga picha, kwahiyo kamera isiyoenea kwenye kimkoba cha begani mimi hainifai. Hii lenzi ina gramu 125 na urefu wake haufiki sentimita 2.5, ukiifunga kwenye 200D na betri yake ndani jumla haifiki gramu 600. Ile 18-55 inayokuja na kamera ina gramu 215 na inatokeza mbele sentimita 6 na kitu, nzito sio, ila kwenye daladala mmebanana siti ya nyuma inakuchoma mbavu wewe na jirani yako. Alafu kitu kidogo hakishtui watu. Toa kamera yenye mdomo mrefu mbele ya kanisa uone, mlinzi anasimama, watoto wanakuja mbio, mama wa genge anafunika uso. Hii ukiitoa wengi wanaendelea na shughuli zao.

Na kwa makanisa jamani Mwanza tumebarikiwa. Wageni wakija wanakimbilia jiwe la Bismarck pale Kamanga, wanapiga, wanaondoka. Mji mzima umekaa juu ya mawe na makanisa yamejipenyeza humohumo, unakuta ukuta umejengwa ukafuata jiwe lilivyokaa maana jiwe lenyewe halihamishiki. Panda Bugando kuna Kanisa Kuu la Epifania la Jimbo Kuu Katoliki. Nenda Kawekamo kwenye kituo cha hija. Pita AIC Makongoro, ile kwaya yao nani aliyekulia Kanda ya Ziwa asiijue. Ila ukweli wangu mimi nayapenda zaidi yale madogo ya huko milimani na pembezoni, ya mabati na mabanzi, turubai la bluu kwa mbele, spika mbili zimefungwa juu ya mti. Kanisa kuu mwakani utalikuta. La mabati mwezi ujao kiwanja kimeuzwa, au waumini wamechanga wamejenga la tofali kando yake, lile la kwanza linabomolewa na hakuna hata mtu mmoja mwenye picha yake nzuri. Watu wamebatiziwa pale, wameolea pale, wameagiwa pale. Hilo linaniuma na ndo sababu ya kutembea na kamera kila siku hata nikiwa nimebeba katoni la soketi.

Sasa tuje kwenye lenzi yenyewe inavyofanya kazi. Sensa, yani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kwenye hizi kamera ni ndogo kuliko filamu ya zamani, unazidisha mara 1.6, kwahiyo 24 inakupa upana kama wa 38. Simu nyingi lenzi yake kuu kwa kipimo hichohicho cha filamu iko 24 mpaka 26 hivi, yani simu ni pana zaidi. Na hapo ndo watu wanalalamika kwamba kanisa haliingii lote. Ni kweli haliingii ukiwa umesimama mlangoni! Lakini angalia picha za simu zilizopigwa mlangoni, kamera imeinuliwa juu, kuta zimelala kwa ndani, mnara unaanguka nyuma. Kanisa linataka kamera inyooke, isitazame juu wala chini, ndo kuta zinasimama. Nimepiga hesabu yake: kwa hii lenzi, kamera ukiishika wima na imenyooka, kanisa lenye kimo cha mita 10 linakutaka urudi nyuma kama mita 18. Hiyo maana yake uvuke barabara. Ukishavuka unaona vitu ambavyo mlangoni huvioni, fundi cherehani kwenye kibaraza, bodaboda wamepaki chini ya mwembe wa parokia, jiwe lililosimama nyuma ya paa. Picha inakuwa ya kanisa na mtaa wake. Zile za simu zinakuwaga za ukuta tu.

Nyaya za umeme ndo mtihani, Mwanza kila kanisa lina nguzo mbele yake. Hakuna lenzi itakayokuondolea hilo, sogea hatua mbili kushoto au ziache zikae, mimi naziachaga.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni kwamba inakubali kusogelea kitu hadi sentimita 16. Kuna kanisa moja dogo upande wa Mabatini kengele yao ni rimu ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi, na pembeni nondo fupi ya kugongea. Rimu yote ina kutu nyekundu isipokuwa sehemu moja ya upana wa kiganja, hapo nondo inapopiga, pameng'aa hadi unaona kivuli chako. Mzee wa kanisa alikuwa anafagia, nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, nikamuomba nipige ile kengele. Akaangalia kamera akauliza, "Hiyo tu?" Nikamwambia hiyo tu mzee. Akaweka fagio chini akaishika nondo mwenyewe ili itokee na mkono. Ile picha ndo ninayoipenda kuliko zote, vidole vyake, kutu na ile sehemu inayong'aa, na nyuma huko mlango wa bati umefifia kwa sababu ya f/2.8. Simu yangu ilishindwa kabisa kufifisha hivyo bila kuchanganya mnyororo na majani.

Mwanga wa huku nao lazima uujue. Tuko karibu sana na ikweta, jua linachomoza saa moja kasoro hivi na kufika saa nne limeshapanda, kuanzia hapo mpaka saa tisa bati jipya linarudisha mwanga hadi paa linakuwa jeupe tupu halina mistari. Shikilia kitufe cha +/- shusha mwanga theluthi mbili au alama nzima moja kwenye kipimo cha kamera, ukuta utaingia giza kidogo lakini ukuta utauinua baadae kwenye programu ya kuhariri, paa lililoungua hulirudishi. Vizuri zaidi ujue kanisa gani mlango wake unatazama mashariki, hilo lipitie asubuhi ukiwa unaenda, na linalotazama ziwani upande wa machweo lipitie ukirudi. Nje natumia f/8 na picha inakuwa kali pembe zote nne.

Ndani ya kanisa sasa. Hapa inapungua na nasema wazi. Kwanza upana hautoshi, ukisimama mlangoni altare inaingia ila dari na madirisha ya pembeni yanabaki nje. Kwa kazi ya ndani kuna lenzi pana zaidi, Canon 10-18, ambayo ina gramu 240, hiyo ndo saizi yake. Pili haina kizuia mtikisiko, wakati 18-55 inacho. Hii ya pili kwangu sio shida kubwa maana kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakiwatulizi wanakwaya, na kwaya ya huku inacheza haswa, unataka kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi. Hapo f/2.8 inakusaidia kwa sababu inaingiza mwanga mara mbili ya f/4. Ila usipige watu wakiwa wanakomunika, na ruhusa uombe kabla, kwa katibu wa parokia au mzee wa kanisa, wengi wanakubali ukiwasalimia vizuri na ukawaletea picha iliyosafishwa. Na Bugando kwa vile hospitali iko palepale geuza kamera mbali na wagonjwa na ndugu zao, watu wale wana mawazo yao.

Nje ya mji nimeipenda njia ya kwenda Sengerema. Zamani pale Kigongo ulikuwa unakaa kusubiri kivuko, tangu daraja la Magufuli lifunguliwe 2025 watu wanapita tu, lakini Bukumbi iko jirani hapo na ni misheni ya White Fathers ya mwaka 1883, ya mwanzo kabisa huku kwetu. Shuka kituoni, chukua boda. Usiipite.

Kwa anayenunua ya mtumba angalia vitu hivi. Sehemu ya kufungia iwe na alama ya mraba mweupe, hiyo ni EF-S, na haifungi kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D, usije ukauziwa kwa maneno. Ukiwa na EOS R, ile Canon isiyo na kioo ndani, utahitaji adapta na picha itakatwa. Mulika tochi ya simu kwa nyuma uangalie fangasi, huku ziwani unyevu ni mwingi na lenzi zinakaa kabatini miaka, ukiona nyuzinyuzi nyeupe ndani iache hata kama bei inashawishi. Filta yake ni 52mm, nunua ya kukinga vumbi hasa kama unapita njia za Buhongwa kiangazi.

Kwa bei yake ya mtumba naipa nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu imebaki ndani ya kanisa. Na mwenye 10-18 anauza, awe Mwanza hapahapa, safi isiyo na fangasi, anicheki tukaijaribie Bugando kabla ya kulipana.