Kujifunza chipu ya 555 katika programu ya Falstad: tathmini kutoka Bukavu

Hapa Kadutu, mpwa wangu anayesoma ufundi wa elektroniki aliniomba nimsaidie kuifanya taa ya LED iwake na kuzimika kwa chipu ya 555, chipu ya kupima muda, ile iliyobuniwa na Hans Camenzind na kuanza kuuzwa na Signetics mwaka 1972. Kabla ya kununua chochote tulijenga saketi yake katika programu ya Paul Falstad ya kuigiza saketi kwenye skrini, ambayo hufunguka bure ndani ya kivinjari, ina menyu za Kifaransa, na ina toleo linalofanya kazi bila intaneti, jambo la faraja kubwa kwa mtu anayenunua megabaiti kidogo kidogo.

Tuliweka betri ya volti 9, rezista za kiloomu 10 na 68, na kapasita ya mikrofaradi 10, ambayo mafundi wa hapa huiita kondensateri. Kwa hesabu hiyo taa ilipaswa kuwaka na kuzimika mara moja kila sekunde. Iliwaka, ikabaki imewaka. Mpwa wangu alitaka kufuta saketi yote, nikamzuia, kwa sababu saa ya programu si saa ya ukutani: isipobadilishwa hukokotoa kwa hatua za mikrosekunde 5, hivyo sekunde moja ya saketi huhitaji hatua 200,000, na anayetazama skrini huweza kungoja muda mrefu akidhani pana kosa. Tuliongeza hatua iwe mikrosekunde 50, tukasogeza kasi hadi mwisho.

Taa haikuzimika bado, na hapo ndipo nilipoithamini programu hii hasa. Ukiomba grafu ya volteji ya kapasita, unaiona ikipanda mbele ya macho yako. Chipu hutakiwa kugeuka kapasita inapofika theluthi mbili za volteji ya betri, yaani volti 6, kisha kuiachia ishuke hadi volti 3. Mstari wetu ulipita 6 bila kusita, ukaenda kutulia kwenye 9. Maana yake mguu wa 6, unaopima kikomo cha juu, haukuwa umefikiwa na kapasita. Waya kutoka mguu wa 2, unaopima kikomo cha chini, uliishia kando yake bila kuungana, na kiduara chekundu cha onyo kilikuwapo tangu mwanzo, sisi hatukukitazama.

Anayeanza ajue kwamba ndani ya programu LED isiyo na rezista haiungui, huendelea tu kung'aa. Miguu nayo imeandikwa vifupisho badala ya namba, kwa hiyo mchoro wa miguu 8 uwe karibu. Tena, chipu ya kwenye skrini hutoa volti 9 kamili katika mguu wa 3. Tulipojenga kwa vifaa halisi, mita ilisoma karibu volti 7 na nusu taa ikiwa imewaka, kwa kuwa transista za ndani huchukua sehemu yake. Muda wa sekunde moja, hata hivyo, ulikuwa uleule.