Ushauri nasaha kwa wafanyakazi wa biashara ndogo Kenya: chaguo lipi kwanza, lipi mwisho

Mwenye biashara ya watu 10 hadi 40 akianza kuulizia huduma ya ushauri nasaha kwa wafanyakazi wake, mara nyingi huonyeshwa kwanza mpango uliobuniwa kwa benki na viwanda: unalipa kwa kila kichwa, kila mwezi, atumie mtu asitumie. Kwa biashara ndogo hilo si chaguo la kwanza. Unachonunua hasa ni siri, na mahali ambapo kila mtu anajua zamu ya mwenzake, siri huvuja kupitia makaratasi ya kawaida kabisa: ankara, ruhusa ya kutoka kazini, ripoti ya mwaka. Ikivuja mara moja, hakuna atakayepiga simu tena. Ndiyo maana mpangilio ufuatao unaangalia kwanza ni nani atajua kwamba fulani ameenda kwa mshauri. Bei inafuata.

1. Mkataba wa moja kwa moja na kituo cha ushauri, kwa malipo ya kikao

Hili ndilo tunalolipendekeza kwa biashara nyingi zenye watu chini ya 30. Unakubaliana na kituo chenye washauri wasiopungua watatu, wa kike na wa kiume, kilicho mbali kidogo na mlango wa biashara yako. Mfanyakazi anapiga simu mwenyewe kwa simu yake, kituo kinampa namba ya siri, na wewe unaletewa ankara ya idadi ya vikao tu. Kikao huwa cha dakika 45 hadi 60.

Hesabu yake ni hii. Chukua mfano wa biashara yenye watu 18, mpango wa kichwa ukiwa shilingi 300 kwa mwezi na kikao shilingi 3,000. (Weka bei ulizopewa wewe, hizi ni za kuonyesha njia.) Mpango wa kichwa utakula 64,800 kwa mwaka, sawa na vikao 21 na kitu. Watu watatu wakienda mara nne nne, kwa kikao utalipa 36,000. Wakienda watu sita, mara nne nne, utalipa 72,000, na hapo mpango wa kichwa ungekuwa nafuu. Gawanya gharama ya mwaka ya mpango wa kichwa kwa bei ya kikao, kisha jiulize kama wafanyakazi wako watafikisha vikao hivyo. Mwaka wa kwanza, kabla watu hawajaiamini huduma, ni nadra.

Weka kikomo cha vikao vitano kwa mtu kwa mwaka, na umruhusu mshauri kuongeza vitatu bila kukuomba idhini kwa jina. Tenga pia vikao vinne vya dharura ambavyo havihesabiwi kwa mtu yeyote.

Chaguo hili huharibikia kwenye ankara. Ili gharama ikubalike kwa kodi unahitaji ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA), na karani wa kituo asipoelekezwa ataandika jina la mteja na tarehe kwenye maelezo. Mhasibu wako ataliona, na mhasibu ana marafiki. Andikeni kwenye mkataba kwamba maelezo yatasomeka "huduma za ushauri, vikao 6" na basi, bila majina, bila tarehe za vikao, bila idara. Ankara itolewe kila miezi mitatu: ya kila mwezi ikionyesha kikao kimoja, na mwezi huo ni mtu mmoja tu aliyeomba ruhusa Jumatano, fumbo limefumbuliwa. Ndiyo sababu kituo kinapaswa kuwa na nafasi za jioni na Jumamosi, au kikao cha simu kwa walio na zamu ndefu.

2. Mpango wa kichwa mnaoununua kwa pamoja

Biashara nne au tano za mtaa mmoja, au wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo (SACCO), wakifikisha watu kama 100, hupata nguvu ya kudai bei na huduma ya saa 24. Faida kubwa zaidi ni kwamba ripoti inachanganya wote, hivyo hakuna mwajiri anayeweza kukisia. Ugumu ni uongozi: lazima mmoja akusanye michango, na mmoja akichelewa kulipa huduma hukatika kwa wote. Lipeni miezi sita mbele.

3. Mpango wa kichwa ukiwa peke yako

Una maana ukiwa na watu zaidi ya 40, au kazi yenye hatari ya kila siku: ulinzi, uchukuzi, nyumba ya wagonjwa. Kataa ripoti inayogawanya watumiaji kwa jinsia, umri au idara. Ikiwa idara ya hesabu ina wanawake wawili tu, "mwanamke mmoja, idara ya hesabu, tatizo la ndoa" ni sawa na kumtaja jina. Dai ripoti moja kwa mwaka, na kundi lolote lenye watu chini ya watano lisionyeshwe.

4. Kipengele ndani ya bima ya afya

Kama tayari mna bima, isome kabla ya kununua kingine. Mara nyingi ushauri umewekwa chini ya kikomo cha magonjwa ya akili, unahitaji idhini ya awali, na taarifa ya madai hupita mikononi mwa anayesimamia bima ofisini. Inafaa kwa matibabu ya daktari wa magonjwa ya akili na dawa. Kwa mtu mwenye deni, msiba au ugomvi wa nyumbani, ni mlango mzito.

5. Programu ya simu peke yake

Ni ya kuongezea tu. Inakula bando la mfanyakazi, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na anayelala chumba kimoja na watu wanne hana pa kuzungumzia.

Kumfanya meneja awe mshauri hatukuweka kwenye orodha kabisa. Anayeamua nyongeza ya mshahara hawezi kusikiliza siri. Mchungaji au imamu ni msaada mkubwa kwa anayemchagua mwenyewe, lakini mwajiri asimfanye kuwa mlango wa pekee.

Kabla ya kutia sahihi

Uliza usajili wa kila mshauri chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, uanachama wake katika KCPA (chama cha washauri nasaha na wanasaikolojia wa Kenya), na jina la msimamizi wake wa kitaaluma. Mshauri asiye na msimamizi, mpite. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, kwa hiyo omba pia cheti cha kituo kutoka Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uliza lugha: Kiswahili pekee hakitoshi ikiwa nusu ya watu wako hulia kwa Kikamba au Kijaluo.

Kisha piga ile namba mwenyewe Jumapili saa tatu usiku. Anayeita saa hiyo anapaswa kupata mtu, au kupigiwa kabla ya saa 24 kupita. Kikao cha kwanza kikicheleweshwa zaidi ya siku tano za kazi, tafuta kituo kingine.

Mipaka ya siri iandikwe na isomwe kwa wafanyakazi: hatari kwa uhai, mtoto anayedhuriwa, amri ya mahakama. Ukimpeleka mtu kwa sababu ya utendaji wake, unachoruhusiwa kujua ni kama alihudhuria, tena kwa idhini aliyoitia sahihi.

Uliza pia watafanya nini duka likivamiwa au mwenzenu akifariki kazini. Jibu likiwa kuwakusanya wote siku hiyo na kumtaka kila mtu asimulie alichoona, kataa. Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo. Linalofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: usalama, maji, kumpigia ndugu simu, na mshauri kuwepo kwa anayetaka.

Huduma ianze kwa mshauri kuja mwenyewe asubuhi, dakika 30, meneja wote wakiwa nje, na vibarua wakiwemo. Aache kadi yenye namba yake pamoja na zile za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 1192 ya NACADA kwa pombe na dawa za kulevya, 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kadi nyingine zibandikwe ndani ya vyoo, ambako mtu hunakili namba bila kuonekana. Na mishahara ikichelewa, ilipe kwanza. Hakuna mshauri atakayemtuliza mtu aliyefungiwa nyumba kwa kodi.

Mkataba uwe wa mwaka mmoja, notisi ya siku 30, na vikao mlivyolipia bila kutumika, kama vipo, vihamie mwaka unaofuata. Mkiachana, mafaili yabaki kituoni, na aliyekuwa katikati ya vikao amalizie vilivyobaki kwa gharama yako.