Mafunzo ya mahusiano ya umma kwenye shirika dogo: nyota nne, ya tano inasubiri posho

Nimemaliza mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha mawasiliano cha shirika lisilo la faida linalowarudisha darasani watoto walioacha shule. Jina lake nalihifadhi, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia. Kitengo chenyewe ni mtu mmoja, mama aliyewahi kuhariri habari gazetini, na ofisi nzima humwita Mhariri mpaka leo. Niseme mapema kabisa: asingekuwepo yeye, ningetoa nyota mbili.

Mwanzoni hakunipa chochote cha kuandika. Alinipa taarifa ya zamani ya shirika kwa vyombo vya habari, ya uzinduzi wa maktaba, pamoja na kalamu. "Kata kila kitu ambacho mwanahabari hawezi kukitumia." Ikaondoka "furaha kubwa". Wakaondoka wageni waalikwa na vyeo vyao. Ikaondoka aya ya historia ya shirika, kisha nukuu ya mkurugenzi iliyojaa "tunajivunia". Kilichosalia ni watoto wangapi watasoma pale, kuanzia lini, na nani analipia vitabu, na vyote hivyo vilikuwa vimezikwa ukurasa wa pili. Darasani tulifundishwa kwamba lililo zito hutangulia, ili mhariri akipunguza kutoka chini habari ibaki hai. Nililijua hilo kwa ajili ya mtihani. Kulitenda kwa kalamu, juu ya maneno ambayo mkurugenzi aliyaidhinisha mwenyewe, ni habari nyingine.

Baadaye nikakabidhiwa orodha ya wanahabari. Wengine walishahama, wengine waliacha kazi, na mmoja alikuwa wa michezo lakini kila mwezi anatumiwa habari za elimu, maskini. Kuisafisha kunachosha, ila huko ndiko nilikojua nani anaandika nini, na kwamba simu inayopigwa wakati kurasa zinafungwa haipokewi kwa mapenzi.

Somo kubwa lilikuwa la picha. Mfadhili alitaka picha ya mtoto mmoja na simulizi yake kwa ajili ya ripoti. Fomu ya ridhaa ilikuwa imeshasainiwa na mama mzazi, nami nilidhani kazi iliyobaki ni kupiga picha. Mhariri akanituma nikakae na yule mama, nimweleze picha itaonekana wapi: kwenye ripoti, kwenye tovuti, kwenye mitandao, na kwamba ikishatoka huko hakuna wa kuirudisha. Mama akaniuliza, "Na akikua, wenzake wataiona?" Nikamjibu kwamba inawezekana. Akakataa. Tukapiga picha ya mikono ikiandika kwenye daftari, tukabadili jina la mtoto, na mfadhili akanung'unika kwa barua pepe ndefu. Mhariri akamjibu kwa upole, akamwambatanishia kanuni za maadili ya picha na ujumbe zilizopitishwa na CONCORD, mtandao wa mashirika ya Ulaya, mwaka 2006. Zinasisitiza utu wa anayepigwa picha na ridhaa inayotoka kwa mtu aliyeelewa. Sidhani kama kampuni ya biashara ingenipa nafasi ya kuliona hilo kwa karibu kiasi kile.

Kulikuwa pia na mtikisiko mdogo. Mradi mmoja uliahirishwa baada ya fedha kuchelewa, na uongozi ukataka tunyamaze. Mhariri akashikilia kwamba wazazi na wanahabari waambiwe kabla hawajauliza. Nikamkumbuka Ivy Lee, yule Mmarekani, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya mahusiano ya umma, ambaye mwaka 1906, baada ya ajali ya treni ya Pennsylvania Railroad kule Atlantic City, aliwapa wanahabari taarifa ya kampuni badala ya kuwafungia mlango. Mimi niliandaa karatasi ya maswali na majibu kwa ajili ya msemaji. Swali la "nani amekosea?" lilirudishwa kwangu tena na tena, kwa sababu majibu yangu yalikuwa yanakwepa. Habari ilitoka, fupi, bila kelele.

Sasa malalamiko. Kupima mafanikio bado ni kizamani. Ripoti ya robo mwaka ina safu inayokokotoa nafasi tuliyopata magazetini ingegharimu kiasi gani kama tangazo, wakati Kanuni za Barcelona za mwaka 2010, zinazohusu namna ya kupima kazi ya mawasiliano, zilishasema wazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya mahusiano ya umma. Hakuna safu ya waliosoma na kumleta mtoto kujiandikisha. Nilipouliza, nikaambiwa bodi imeizoea. Halafu, ukiwa kijana kwenye ofisi ndogo, kila printa inayogoma ni yako, kila projekta ni yako, na maturubai siku ya hafla nayo utayasimamia wewe. Posho ni nauli tu, na hiyo nauli ilikuwa ikija kwa kuchelewa. Asiye na ndugu wa kumhifadhi hawezi kumaliza mafunzo haya, na hapo shirika linalohubiri usawa linajichongea lenyewe.

Anayetaka kujifunza kampeni kubwa za matangazo asiende, bajeti haipo. Anayetaka kuandika, kusahihishwa na kuandika tena, aende. Ila kwenye usaili nawe uliza maswali yako: taarifa yangu itahaririwa na nani, jina lake ni nani, na yupo ofisini siku zipi? Wakikujibu kwamba "timu nzima" itakusaidia, omba kuonyeshwa taarifa za mwisho walizotuma kwa wanahabari. Kama aya ya kwanza imejaa furaha na wageni waalikwa, hapo hakuna wa kukusahihisha.