Lenzi za Silikoni Haidrojeli: Uzoefu Wangu wa Kuzivaa Saa Nyingi

Kwa miaka kadhaa nilivaa lenzi laini za kuwekwa juu ya jicho, za haidrojeli ya kawaida (plastiki laini inayofyonza maji), kwa sababu sioni vizuri mbali, na kila jioni vishipa vyekundu vilijitokeza kuizunguka konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Mtaalamu wa macho alinieleza kwamba vishipa hivyo vilitanuka kwa kuwa konea ilikuwa ikikosa oksijeni, akanishauri nihamie kwenye lenzi za silikoni haidrojeli, yaani haidrojeli iliyochanganywa na silikoni. Wekundu ule umekwisha, nami sikusita kuendelea nazo.

Konea haina mishipa ya damu. Mchana huvuta oksijeni kutoka hewani kupitia machozi. Tukifumba macho hutegemea mishipa iliyo upande wa ndani wa kope, ambayo huipatia takriban theluthi moja tu ya kiwango cha mchana. Ndiyo maana hata asiyevaa lenzi huamka konea ikiwa imevimba kidogo. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walikadiria kwamba kipimo cha upitishaji wa oksijeni, kinachoandikwa Dk/t, kinapaswa kufika 24 kwa lenzi ya mchana na 87 kwa lenzi ya kulala nayo ili uvimbe usizidi ule wa kawaida. Haidrojeli ya zamani hupitisha oksijeni kwa njia ya maji yaliyomo ndani yake, hivyo haikuweza kufikia kiwango hicho cha usiku, ilhali silikoni huipitisha kwa wepesi zaidi kuliko maji. Lenzi zangu zimevuka 100, ingawa mnunuzi anapaswa kujua kwamba namba inayotangazwa kwa kawaida hupimwa katikati ya lenzi ya nguvu ya -3.00, ilhali lenzi ya mtu asiyeona mbali huwa nene zaidi pembeni, na huko oksijeni hupita kwa shida zaidi.

Ukavu wa macho, kwa upande wangu, haukubadilika, wala sikutarajia oksijeni iutibu.

Suala la kulala nazo ndilo linalonigusa zaidi. Tangu mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeidhinisha baadhi ya lenzi za aina hii zivaliwe hadi usiku 30 mfululizo, na wengi huichukulia idhini hiyo kuwa uthibitisho kwamba hatari imeondoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 ulionyesha kwamba vidonda vya konea viliwapata takriban watu 21 katika kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa waliovaa lenzi laini za kulala nazo, dhidi ya 4 hivi kwa waliovaa za mchana. Silikoni haidrojeli ilipokuja, ilitumainiwa kwamba oksijeni ingeishusha tofauti hiyo, lakini tafiti za baadaye zilikuta maambukizi ya wanaolala na lenzi yamebaki karibu palepale. Jicho lililofumbwa halipepesi, machozi yaliyo chini ya lenzi hutuama, na bakteria kama Pseudomonas aeruginosa hupata muda wa kujishikiza.

Kwa hiyo ninazipendekeza kwa moyo wote kwa anayevaa lenzi tangu alfajiri hadi usiku, nami huzivua kila ninapokwenda kulala. Yeyote anayehisi maumivu, wekundu au kuumizwa na mwanga azivue papo hapo na amwone daktari wa macho siku hiyohiyo, akiwa amebeba lenzi na kikasha chake ili vipimwe vimelea.