Discord kwa hakathoni ya wanafunzi wa nchi mbalimbali: inafaa, ila anza na ruhusa

Kwa hakathoni (shindano la kubuni programu) ya wikiendi yenye timu zilizotawanyika Dar es Salaam, Berlin na New York, Discord ya bure (programu ya mazungumzo ya maandishi na sauti) inatosha. Tunaipenda hasa kwa jinsi inavyomaliza ubishi wa saa.

Ukitangaza "mwisho saa 3 usiku", wa Dar anaelewa, lakini aliyezoea saa za Kizungu anasoma saa 9 usiku. Badala yake andika <t:1793556000:F>, na kila mmoja ataona saa ya alipo. Namba hiyo, ambayo ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, ni Jumapili, 1 Novemba 2026, saa 3 usiku Afrika Mashariki. Alfajiri ya siku hiyo New York wanarudisha saa nyuma, hivyo kwao itakuwa saa 7 mchana. Aliyepiga hesabu Jumamosi atadhani ni saa 8, na timu nzima itachelewa kwa saa moja. Inauma kuona kazi nzuri ikikataliwa kwa sababu hiyo.

Seva (ukumbi wenu ndani ya Discord) inabeba chaneli 500, makundi ya kuzipangia (category) yakihesabiwa humo humo, na kila kundi linabeba chaneli 50. Ukiipa kila timu chaneli ya maandishi na ya sauti, kundi moja linatosha timu 25. Tengeneza cheo (role) cha kila timu (ukomo ni 250), kisha kwenye chaneli zake zuia @everyone (yaani kila aliyemo kwenye seva) asione na uruhusu cheo hicho tu. Hatari iko kwenye kitufe cha kulinganisha ruhusa na za kundi: ukikibonyeza na kundi lenyewe liko wazi kwa wote, siri za timu ziko wazi kwa wapinzani. Ingia kwa akaunti ya pili isiyo na cheo, ukague kabla ya kutuma mialiko. Na mialiko yenyewe iweke ya kudumu, maana ile ya kawaida huisha muda.

Sauti haili bando sana. Kinacholimaliza ni kuonyesha skrini.

Kazi zisikusanywe humo: faili la akaunti ya bure halizidi MB 10, video haiingii. Pokea viungo kupitia Devpost (tovuti ya kuwasilishia kazi za hakathoni) au fomu ya Google. Kwenye Devpost, saa mbili kabla ya mwisho zikumbushe timu kwamba rasimu iliyohifadhiwa bado haijawasilishwa.

Kasoro kubwa: Discord imefungiwa China, na tangu Oktoba 2024 Urusi na Uturuki pia. Soma nchi za waliojisajili kwanza. Akiwepo hata mmoja wa huko, hamishia hakathoni yote kwingine tangu siku ya kwanza, usiigawe timu kwenye majukwaa mawili.