Makumbusho ya Kambi za Mateka wa Vita, Żagań

Kwa anayetaka kuelewa jinsi marubani wa nchi washirika walivyotoroka Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya mateka wa jeshi la anga katika Vita Kuu ya Pili, usiku wa tarehe 24 Machi 1944, makumbusho haya yaliyo magharibi mwa Poland, katika mji ulioitwa Sagan ulipokuwa bado chini ya Ujerumani, yanastahili kabisa kufungiwa safari. Jengo la maonyesho hutazamwa kwa muda mfupi. Utajiri wenyewe uko nje, kwenye bweni namba 104 lililojengwa upya.

Inama utazame chini ya bweni hilo. Mabweni ya kambi yaliinuliwa juu ya ardhi makusudi, ili walinzi waweze kuchungulia chini ya sakafu, na ndiyo sababu mlango wa handaki walilotorokea, lililopewa jina la Harry, ulifichwa chini ya jiko, mahali ambapo msingi wa matofali ulishuka hadi ardhini. Kisha uchimbue kidogo kwa ncha ya kiatu: juu udongo ni wa kijivu, chini ni mchanga wa manjano, hivyo kila gao lililotolewa lilikuwa ushahidi tosha. Mateka waliubeba katika mifuko iliyofichwa ndani ya suruali, wakaumwaga kidogo kidogo huku wakitembea uwanjani, kana kwamba wananyoosha miguu tu. Mbao za vitanda zilizuia kuta zisiporomoke, na makopo ya maziwa ya unga yakaunganishwa kuwa bomba la hewa.

Walitoka watu 76. 73 walikamatwa tena, na 50 kati yao wakauawa kwa amri ya Hitler. Wanorwe Per Bergsland na Jens Müller walifika Sweden kwa meli. Mholanzi Bram van der Stok, ambaye ndege yake ilitunguliwa Ufaransa mwezi Aprili 1942, alivuka Ujerumani kwa treni, akapitia Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa na Hispania, akaingia Gibraltar mwezi Julai. Katika watatu hao hakuna Mwingereza hata mmoja, wala sidhani ilikuwa bahati tupu: van der Stok alikisema Kijerumani vizuri, na mbele ya mkaguzi wa tiketi ulimi ulikuwa na thamani kuliko hati ya kughushi.

Watoto watalifurahia handaki la mfano. Mwenye magoti mabovu na achungulie mlangoni tu.