Nilikodi baiskeli ya umeme Onomichi, na hasira bado ninayo

Maua nitayafikia, ngoja kwanza nimalizane na yule dada wa duka la kukodisha baiskeli pale Onomichi, huku Japani. Jina la duka siandiki. Ila mpaka leo nikikumbuka alivyopishanisha mikono mbele ya kifua, ikawa mkasi kama ule wa mwalimu wa hesabu kwenye daftari, damu inanichemka. Na hakusema neno baya hata moja, hilo ndo linaloniuma. Kwetu mtu akikuzingua mnapandishiana sauti, jirani anaingilia, yanaisha. Huyu ananiinamia, sumimasen, sumimasen, yaani samahani, huku ananikata yen 1,000 za kuchelewa, na kilichonichelewesha ni betri yake mwenyewe!

Haya, turudi asubuhi. Ilikuwa wiki ya sakura, maua ya micheri, sijui Machi inaisha au Aprili imeanza, mimi na mwenzangu Mkenya tunayesoma naye tukasema leo hatulali ndani. Tukaenda kuanza Shimanami Kaido, ile njia ya kilomita kama 70 inayovuka visiwa kwa madaraja mpaka Imabari. Kuimaliza hatukutaka, sisi safari yetu ilikuwa Setoda tu, mji wa kisiwa cha Ikuchi, tule aiskrimu ya limau turudi, maana kisiwa kile kinasifika kwa malimau. Mwenzangu akachukua baiskeli ya gia ya kawaida. Mimi mjanja nikachukua ya umeme. Dada akapiga picha kila mchubuko, akanishushia siti, betri ikasoma imejaa, nikamuuliza kwa tafsiri ya simu kama itatosha kwenda na kurudi. Akatabasamu: daijobu. Yaani hamna shida. Lishikeni hilo neno.

Unavuka kwa kivuko, dakika tano hivi, ukishuka Mukaishima unafuata tu mstari wa bluu uliochorwa barabarani, hata uwe mgeni kiasi gani hupotei. Daraja la Innoshima baiskeli zinapita chini na magari juu, unasikia lori linakunguruma juu ya utosi na bahari iko pande zote mbili, nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Innoshima tukapanda kilima cha Shirataki. Ni mita mia mbili na kitu tu, lakini kimesimama jamani. Tulikwenda na baiskeli mpaka njia ya gari inapoishia, mwenzangu anasukuma, mimi nabonyeza kitufe nampita nampungia mkono. Halafu ngazi kwa miguu. Huko juu kuna sanamu za mawe kama 700, kila moja na sura yake, kuna moja limenuna vile vile kama mjomba wangu akidaiwa. Chini visiwa vimetawanyika kwenye maji, na huku na kule kwenye miteremko unaona mabaka ya waridi hafifu, ndo sakura hizo. Tukakaa muda mrefu bila kuongea. Tuliposhuka tukakuta kibanda cha matunda hakina mtu, mifuko ya hassaku imepangwa na kopo la kutumbukizia sarafu. Hassaku ni kama balungi dogo, asili yake hapo hapo Innoshima, uchungu kidogo halafu utamu unakuja nyuma. Nikatumbukiza mia yangu. Hakuna anayekuangalia, nikaona noma hata kuchelewa kutoa hela.

Sasa. Tunakaribia kupanda kwenda daraja la Ikuchi, betri inasoma nusu. Dakika mbili mbele robo. Halafu kioo cheusi, kimya. Kama hujawahi kuendesha baiskeli ya umeme iliyozima, chukua Phoenix ya babu yako, funga gunia la mahindi nyuma, upande nayo mlima. Mwenzangu akasema, "Buda, kwani leo utanipungia mkono tena saa ngapi?" Tukageuza. Setoda sikuiona, aiskrimu sikuila, mapaja yakawaka moto njia nzima, dukani tukafika zimepita dakika arobaini.

Na hapo ndo ule mkasi wa mikono. Namwambia betri imekufa, anaiangalia, anabonyeza vitufe, ananionyesha kwenye kioo neno la nguvu ya juu. Kwamba nimetumia nguvu ya juu. Sasa si ndo kazi ya kitufe hicho? Namwambia ulisema daijobu. Anainama. Nakaza sauti kidogo, anainama zaidi, mtu nyuma yangu kwenye foleni anaangalia viatu vyake. Nikalipa. Nyota moja, nilishaiandika kichwani kabla sijatoka mlangoni.

Mwenzangu akanivuta tukapanda bustani ya Senkoji, ngazi tena, paka wamelala kwenye kuta wanatutazama. Taa za karatasi zimeshawaka chini ya miti, watu wametandika maturubai ya bluu, wanakula na kunywa, upepo ukija petali zinamwagika kwenye vyombo vya chakula na hakuna anayezitoa. Bibi mmoja akatusogezea kona ya turubai lake, akatupa mochi mbili, vikeki laini vya mchele. Nikaketi. Nikashindwa kuendelea kulalamika mdomo umejaa.

Halafu huyu Mkenya, hata huruma hana, akatoa simu. Ile karatasi ya ukutani dukani alikuwa ameipiga picha asubuhi: nguvu ya juu, masafa yanapungua karibu nusu, milimani zaidi. Na mchoro wa betri analia machozi. Nilikuwa nimesimama mbele ya hiyo karatasi nikijipiga selfi.

Sawa, nyota mbili. Breki zilikuwa nzuri kweli, kule Shirataki kushuka bila breki ningekuwa hadithi nyingine, basi tatu. Lakini yen 1,000 zangu, hapana, betri ya kutoka nusu hadi sifuri kwa dakika mbili ni nzee ile na yeye anajua. Mbili na nusu. Na nikirudi nachukua ya kukanyaga mwenyewe.